SOMO LA REDIO: NZI WASIOKUFA KWA DAWA

Fungueni madaftari. Leo twasoma habari za nzi wa zizini.

Mfugaji hununua dawa, hupuliza bandani, na nzi wengi hufa. Msimu wa pili hufa wachache. Msimu wa tatu nzi hutua juu ya ndoo ya maziwa kana kwamba amepuliza maji matupu. Watu husema, "Dawa hii ni ya bandia." Yawezekana. Lakini mara nyingine dawa ni ile ile. Waliobadilika ni nzi.

Wamebadilikaje? Mkulima huchagua mahindi bora kuwa mbegu, na shamba la mwaka ujao hufanana na mbegu hiyo. Dawa nayo huchagua. Katika nzi wengi, wachache huzaliwa na nguvu ya kuistahimili. Wenzao wakifa, hao hubaki na kuzaana. Jike hutaga mayai 100 au zaidi kwa mara moja, na penye joto yai huwa nzi mzima kwa siku 10 hivi. Watoto hurithi nguvu ya wazazi. Nzi wa namna hiyo huitwa nzi sugu.

Jambo hili si geni. Nguvu ya DDT ya kuua wadudu iligunduliwa mwaka 1939. Ilipofika mwaka 1946, huko Uswidi, nzi wa nyumbani walikuwa wameanza kuishinda. Karibu nasi, katika miaka ya 2010, wafugaji wa magharibi ya Uganda waliona kupe wa ng'ombe wakistahimili dawa za kuogeshea za aina mbalimbali.

Sasa sikilizeni vizuri. Huku Nyanda za Juu Kusini tunalima pareto, na maua yake hutoa dawa ya wadudu. Wataalamu wametengeneza dawa nyingi kwa kuiga pareto. Jina kubwa la kopo ni la biashara. Jina la dawa yenyewe huandikwa kwa herufi ndogo. Likiishia na herufi T-H-R-I-N, dawa hiyo ni ya ukoo huo wa pareto. Makopo mawili yaweza kuwa na picha tofauti na majina makubwa tofauti, lakini ndani ni ukoo mmoja. Nzi aliyeshinda la kwanza huenda akashinda la pili, na fedha yako imepotea. Mwulize bwana mifugo dawa ya ukoo mwingine. Tena fuata kipimo kilichoandikwa. Usizidishe wala usipunguze.

Lakini dawa pekee haitoshi. Funza wa nzi hukua katika samadi mbichi. Zoa samadi kila siku, irundike mbali na banda na uifunike. Joto la ndani huua funza. Kausha matope, fagia mabaki ya chakula. Nzi hana njia ya kuwa sugu kwa koleo na ufagio.

Kazi ya nyumbani: nakili jina dogo la dawa unayotumia. Kopo liache huko huko, nawa mikono kwa sabuni, ulete daftari tu. Mwalimu aandike majina yote ubaoni, nanyi mhesabu: koo ni ngapi?

Kwaherini, hadi somo lijalo.