Mama Naye Aulizwe



Wazee wetu walipoupinga utawala wa chama kimoja, walipinga desturi ya watu wachache kukaa faraghani na kuamua maisha ya walio wengi. Desemba 1991 kifungu cha 2A kilifutwa, nasi tunashukuru. Lakini desturi hiyo ingali hai katika zahanati na katika utafiti wa dawa.

Mwaka 2017 Kenya ilianza kutumia dolutegraviri, dawa ya kupambana na virusi vya Ukimwi. Iliishinda efavirenzi iliyoitangulia, kwani madhara yake ni machache na virusi haviizoei upesi. Kisha Mei 2018 habari zikatoka Botswana. Kati ya watoto 426 ambao mama zao waliitumia dawa hiyo tangu kabla ya kushika mimba, 4 walizaliwa na kasoro za ubongo au uti wa mgongo.

Tahadhari ilistahili. Hata hivyo, serikali kadhaa, yetu ikiwemo, ziliwazuilia dawa hiyo wanawake wengi wa umri wa kuzaa, bila kuwauliza. Mwanamume aliendelea kupewa dawa iliyo bora. Mwanamke akarudishwa kwenye ile ya zamani, yenye kizunguzungu na ndoto za kutisha.

Kwa nini ushahidi ulikuwa haba hivyo? Kwa sababu wajawazito wametengwa na majaribio ya dawa kwa miaka mingi. Nchini Marekani, tangu 1977 hadi 1993, mwongozo rasmi uliwaweka nje ya hatua za mwanzo za majaribio hata wanawake wasio na mimba, mradi tu waweza kuzaa. Ilisemekana ni kuwalinda. Lakini dawa ikishaingia madukani wajawazito huimeza, na hakuna ajuaye itawafanyia nini.

Julai 2018 wanawake 39 wanaoishi na virusi, kutoka nchi 18 za Afrika, walikutana Kigali. Walidai waelezwe faida na hatari, kisha waachiwe kuchagua wenyewe. Walikuwa na haki. Kufikia 2019 hesabu ya Botswana ilikuwa watoto 5 kati ya 1,683, na Shirika la Afya Duniani likaipendekeza dawa hiyo kwa wote. Takwimu za baadaye zilionyesha kwamba hatari ile haikuzidi ya dawa nyingine.

Sisi wanasheria tulikuwa wapi? Tukiri: mwaka ule tulizama katika mabishano juu ya salamu za Machi 9 baina ya wakubwa wawili. Ilhali Katiba ya 2010 tuliijua: ibara ya 27 juu ya usawa, ya 35 juu ya haki ya kupata habari, na ya 43 juu ya afya, ikiwemo afya ya uzazi.

Basi twawaomba, katika vikundi vyenu vya kina mama na mabaraza ya kanisa, mwulize mambo matatu kila dawa mpya inapoletwa: Je, ilijaribiwa kwa wanawake? Je, wajawazito walihesabiwa? Je, mgonjwa ameelezwa na kuachiwa hiari yake? Msipojibiwa, andikeni barua kwa kaunti, mtie sahihi, mtunze nakala. Nasi tutasimama pamoja nanyi mahakamani ikibidi.