Uhuru wa Kuchagua Njaa
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama)

Mabepari husema mfanyakazi ni huru: akipenda hufanya kazi, asipopenda huacha. Natutazame Rana Plaza, karibu na Dhaka, Bangladesh. Tarehe 23 Aprili 2013 kuta zilionekana kuwa na nyufa. Benki iliyokuwamo ikafungwa. Washonaji nguo wakaamrishwa warudi asubuhi yake. Jumba likaanguka, wakafa watu zaidi ya 1,100. Uhuru gani huo, baina ya njaa na kifusi? Sisi wenye maduka twajua kupunja mizani ni haramu. Seuze kupunja roho za watu ili shati liuzwe rahisi! Vyama vya wafanyakazi ndivyo vilivyowabana wenye kampuni, mwaka ule ule, watie saini mapatano ya usalama. Mnyonge hana ngao ila mnyonge mwenziwe.