Maji ya Mvua Yasiingie Dirishani

(Mazungumzo na wanakisomo kabla ya mvua za masika)



Leo tuzungumze juu ya dirisha la nyuma. Wengi wetu tumejenga kwenye mteremko. Tulipojenga, dirisha la upande wa mlimani lilikuwa usawa wa kifua. Sasa liko karibu na ardhi. Je, dirisha limeshuka? Hapana. Ardhi ndiyo iliyopanda! Kila masika maji huleta udongo na kuulundika ukutani. Na sisi wenyewe tunatupa taka huko huko.

Basi mvua kubwa ikinyesha, maji yanaingia ndani. Wengine tunaziba dirisha kwa magunia. Lakini maji yanabaki nje, yanalowesha ukuta. Tofali bichi likilowa hulainika. Ukuta unaweza kuanguka usiku, watoto wamelala.

Tena chumba hicho mara nyingi ndicho ghala letu. Mahindi yakilowa huota ukungu, na ukungu mwingine huleta sumukuvu. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kuyapika mahindi hakuimalizi sumu.

Haya, tufanye nini? Kazi ianzie nje.

Kwanza, tuondoe udongo uliolundikana mpaka tuone msingi. Tusichimbe chini ya msingi, nyumba itatitia.

Pili, ardhi iliyo karibu na ukuta iinamie nje. Kila hatua moja ishuke vidole vitatu.

Tatu, hatua mbili au tatu kutoka ukutani, upande wa mlimani, tuchimbe mtaro. Uizunguke nyumba kama upinde, maji yapite pembeni. Juu ya mtaro tupande majani yazuie udongo. Baada ya kila mvua kubwa tuuzoe mchanga, maana mtaro uliojaa si mtaro.

Nne, ukingo wa chini wa dirisha uinamie nje, utokeze kidogo ukutani. Hapo maji yatadondoka chini, hayatarudi ndani.

Neno la mwisho. Maji tuliyoyafukuza kwetu yasiingie kwa jirani. Tukae naye kwanza, tukubaliane yapite wapi. Yanaweza kwenda kwenye migomba, yakatufaa sote.

Wazee walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi tunaongeza: usipochimba mtaro utajenga nyumba. Jembe tunalo. Tuanze kabla wingu halijatanda.