Mshahara wa Dada wa Kazi ni Deni, si Sadaka



Wazazi wetu, vijana wenzangu, ndugu katika imani. Shukrani zote ni za Allah (S.W.) aliyetufikisha tena katika mwezi huu mtukufu. Leo sitazungumzia fadhila za kufuturisha. Nataka tumzungumzie yule anayeipika futari.

Katika nyumba zetu nyingi, Mombasa hadi Nairobi, yuko dada wa kazi. Saa tisa za usiku yeye ndiye anayeamka kupasha daku. Mchana anafua, anapiga deki, anabeba mtoto. Alasiri anakuna nazi, anakaanga sambusa, anachoma kaimati. Sisi tukienda tarawehe, yeye ameinamia beseni la vyombo. Analala saa sita, na saa tisa anaitwa tena. Sasa nikuulize, ndugu msomaji: dada huyo kwenu analipwa ngapi, na analipwa lini?

Usidhani nakunyoshea kidole wewe peke yako. Nilipokuwa mdogo, kwetu alikuwepo dada aliyetulea miaka minne. Mwezi mmoja wa Ramadhani alisimama mlangoni, akamwambia mama kwa sauti ya chini kwamba mtoto wake karudishwa nyumbani kwa sababu ya karo. Akaambiwa, "Ngoja Idi ipite." Siku ya Idi akapewa leso mpya na kilo mbili za mchele, nasi tukajiona tumemfanyia wema mkubwa. Mshahara wake wa miezi miwili ulikuwa bado. Akajifunga ile leso, akasema ahsante. Baadaye alilipwa, lakini mtoto alikuwa keshapoteza muhula mzima. Mama yangu hakuwa mtu mbaya, Mungu amrehemu. Alichanganya mambo mawili tu: sadaka na deni. Ndivyo tunavyochanganya wengi wetu.

Mtume wetu (S.A.W.) alihimiza mfanyakazi apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Na katika hadithi iliyopokewa na Bukhari, miongoni mwa watu watatu ambao Allah mwenyewe atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama, mmoja ni yule aliyemwajiri mtu, akamaliza kazi yote, kisha asimpe ujira wake. Jamani, ni nani kati yetu awezaye kesi hiyo? Tena tumefundishwa kwamba wanaotutumikia ni ndugu zetu: wale tunachokula, wavae tunachovaa, wasibebeshwe mzigo wasiouweza, na ukiwa mzito tuwasaidie.

Sheria ya nchi nayo haikunyamaza. Katiba ya 2010, kifungu cha 41, inampa kila mfanyakazi haki ya malipo ya haki. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa angalau siku moja ya mapumziko kila wiki, na likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka, yenye malipo. Kima cha chini kilichotangazwa mwaka 2024 kwa mfanyakazi wa nyumbani katika miji mikubwa kama Nairobi na Mombasa kilikuwa shilingi 16,113.75 kwa mwezi. Chini ya hapo ni kuvunja sheria. Juu ya hapo hakuna anayekukataza.

Tupige hesabu kidogo. Tuseme unamlipa shilingi 6,000. Akifanya kazi siku 26, saa 15 kwa siku, saa moja ya jasho lake haifiki hata shilingi 16. Kwa hizo alipe karo, amtumie mama yake kijijini, ajitibu akiugua. Yawezekana?

Wako watakaosema, "Lakini anakula na kulala kwangu." Kumpa pa kulala kunaondoa posho ya nyumba, hakuli mshahara. Na sahani ya wali hailipi karo ya mtoto wake. Mwingine atasema, "Hata mimi mshahara wangu ni mdogo." Hilo ni kweli kwa wengi, nami silidharau. Basi ndugu yangu, chukua kazi unayoweza kuilipa. Aje siku mbili au tatu kwa wiki, umlipe sawasawa siku hizo, na siku nyingine awe huru kutafuta riziki kwingine. Usinunue mwezi mzima wa maisha ya mtu kwa bei ya wiki moja.

Nanyi vijana, msiseme hili ni la wazazi. Futari ikiisha, osha sahani uliyolia. Daku, amka upashe mwenyewe, dada alale. Kisha keti na wazazi wako kwa adabu, uwaulize kama mshahara wa dada umetoka. Na tukikaribia Idi, alipwe kwanza haki yake yote, malimbikizo yakiwemo, ndipo apewe zawadi. Leso itampendeza zaidi akiwa hatudai.

Tunashinda na njaa ili tuonje hali ya asiyenacho. Itakuwa ajabu kama huyo asiyenacho tunalala naye nyumba moja, na sisi ndio tuliomfanya akose.

Allah atukubalie saumu zetu na atuwezeshe kutoa haki za watu kabla hatujaulizwa. Amin.

Wabillahi tawfiq.