JUMBA LA VIOO KATIKA BUSTANI YA MADRID



Katika mji wa Madrid, ulio mji mkuu wa Hispania, iko bustani kubwa iitwayo Retiro. Zamani bustani hiyo ilikuwa mali ya wafalme, wala raia wa kawaida hakuwa na ruhusa ya kutembea humo apendavyo. Mwaka 1868, Malkia Isabel wa Pili alipopinduliwa, bustani ikawa mali ya mji, na tangu hapo wakubwa kwa wadogo hupumzika chini ya vivuli vyake. Mgeni apitaye kati ya miti hiyo hufika penye ziwa dogo lililochimbwa na watu, na miti mingine mirefu imesimama ndani ya maji yenyewe. Ng'ambo ya ziwa huona nyumba ambayo kuta zake na paa lake ni vioo. Wenyeji huiita Palacio de Cristal, yaani Jumba la Vioo.

Usione vyaelea, vimeundwa. Jumba hilo lilijengwa mwaka 1887 kwa ramani ya Ricardo Velázquez Bosco. Mhandisi Alberto de Palacio alishirikiana naye katika kazi, na vigae vya rangi vinavyolipamba vilitengenezwa na fundi Daniel Zuloaga. Mfano walioufuata ni lile jumba kubwa la vioo lililojengwa na Joseph Paxton katika Hyde Park, London, mwaka 1851. Paxton alikuwa mtunza bustani, na ujuzi wake wa kujenga kwa vioo aliupata katika kazi ya kutunza mimea. Jumba lake liliteketea kwa moto mwaka 1936, lakini mfano wake ulikuwa umekwisha kuenea katika nchi nyingi.

Katika nyumba ya mawe, ukuta ndio uchukuao paa. Kwa hiyo ukuta hauna budi kuwa mnene na madirisha madogo. Katika nyumba ya namna hii, uzito wote huchukuliwa na nguzo nyembamba za chuma, na nafasi zilizo katikati huzibwa kwa vioo. Jumba la Retiro lina umbo la msalaba, na juu ya makutano yake pana kuba yenye kimo cha zaidi ya mita 22. Ingawa ni refu hivyo, halimtii mtu giza wala hofu, maana mwanga huingia pande zote.

Tena vioo hivyo vilikuwa na kazi maalumu. Madrid uko juu ya bahari kwa kadiri ya mita 650, na wakati wa baridi umande huganda usiku. Mmea uliozoea nchi ya joto na mvua hauwezi kuishi nje. Lakini kioo huruhusu mwanga wa jua kuingia. Mwanga huo hupasha moto ardhi na majani, na hewa iliyopata joto haipati njia ya kutoka upesi. Mtu aliyepata kuacha motokaa imefungwa juani adhuhuri anaijua habari hii bila kufundishwa.

Mimea iliyokusudiwa kukaa humo ilitoka Visiwa vya Ufilipino, ambavyo wakati ule vilikuwa koloni la Hispania. Mwezi Juni mwaka 1887 yalifunguliwa katika bustani hiyo Maonyesho ya Visiwa vya Ufilipino, ili watu wa Madrid waone mali ya visiwa hivyo: tumbaku, mbao, nguo na maua. Hayo hayakuwa na ubaya. Lakini pamoja na mimea waliletwa watu zaidi ya 40, wanaume kwa wanawake. Baadhi yao walijengewa vibanda vya kienyeji karibu na ziwa, wakakaa humo huku umati ukiwatazama walivyovaa na walivyofanya kazi zao. Mmea ulipewa nyumba ya joto. Mtu aliwekwa awe kitu cha kutazamwa. Wachache miongoni mwao walikufa, wasiione tena nchi yao.

Wakati huo huo alikuwako Ulaya kijana wa Kifilipino, daktari wa macho, jina lake José Rizal. Yeye hakuyapinga maonyesho ya kazi za mikono na mazao. Alilolipinga, katika barua alizomwandikia rafiki yake Ferdinand Blumentritt, ni kuwaweka ndugu zake mbele ya watu kama vioja. Rizal aliuawa na serikali ya Kihispania mjini Manila tarehe 30 Desemba 1896. Miaka miwili baadaye Hispania ilipoteza visiwa hivyo, vikatwaliwa na Marekani. Navyo vilipata uhuru mwaka 1946.

Jumba lenyewe lilibaki, likapata kazi nyingine. Mwezi Mei mwaka 1936, Manuel Azaña alichaguliwa humo kuwa Rais wa Jamhuri ya Hispania. Baadaye likatumiwa na makumbusho ya Reina Sofía kwa maonyesho ya sanaa, na mwaka 2023 lilifungwa ili litengenezwe. Kwa hiyo yafaa msafiri aulize kwanza kama milango i wazi. Hata ikiwa imefungwa, bado bustani na ziwa vyastahili kuonwa.

Wahenga walinena kwamba mwenye macho haambiwi tazama. Lakini mahali hapo macho peke yake hayatoshi. Chuma na vioo vyaonekana. Vibanda vya wale watu havionekani tena, na asiyeambiwa habari zao atapita akisifu uzuri, asijue gharama yake. Si lazima mtu alichukie jumba kwa ajili ya dhambi ya siku zile, wala haimpasi aisahau dhambi hiyo kwa ajili ya uzuri wa jumba. Mafundi na wastahili heshima yao kwa kazi njema. Na wale walioletwa kutoka ng'ambo ya bahari wastahili heshima iliyo kubwa zaidi, ambayo walinyimwa walipokuwa hai: kukumbukwa kuwa ni watu.