Tambi za Thailand na chakula tulichorudi nacho



Leo tuongelee sufuria. Kuko watoto wetu wanaochekwa juu ya chakula walichozoea kule ukimbizini. Tuwajibu kwa mfano wa Thailand.

Pad Thai, chakula kinachotambulisha nchi ile duniani, ni tambi za mchele za kukaanga. Tambi hizo zilifika na Wachina wahamiaji. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, serikali ya Phibunsongkhram ilihimiza raia kula tambi na kuziuza. Leo nani anaziita za wageni?

Kuzipika nyumbani si kazi ngumu. Tunaloweka tambi kavu katika maji ya baridi, dakika 30 au zaidi, mpaka zilegee bila kukatika. Hatuzichemshi, zitavurugika. Tunachanganya ukwaju, sukari na mchuzi wa samaki waliochachushwa. Mafuta yakipata moto, tunakaanga kitunguu na tofu ya soja, tunatia tambi, kisha ule mchuzi. Tunasukuma pembeni, tunapasua yai, tunachanganya. Tukisha kuepua, tunanyunyiza karanga za kutwanga na ndimu. Tupike sahani mbili tu kwa mara moja. Kikaango kikijaa, tambi zinashikana. Moto uwe mkali, dakika chache, na makala yanabaki.

Basi mama anayepika chakula cha kule asifunike sufuria kwa haya. Kinachopikwa nyumbani kila siku kinakuwa cha nyumbani.