Mshono Umepona, Dawa Je?

Majuzi nilikuwa Kasulu kumjulia hali binamu yangu, aliyepasuliwa miezi miwili nyuma kwa saratani ya mrija wa nyongo. Nilimkuta shambani anapalilia maharage. Macho yaliyokuwa manjano kama binzari yamerudi meupe, na mwasho wa mwili umekwisha. Nikamuuliza, sasa ndugu yangu, uliambiwa utumie dawa gani? Akacheka. "Kaka, si wameshaitoa?"

Wameitoa, naam. Lakini saratani hii huacha mbegu ambazo jicho la mpasuaji halizioni, na mara nyingi hurudi. Mgonjwa akiruhusiwa tu kwa kuwa mshono umefunga, hapo ndipo mambo hutumbukia nyongo.

Huko Uingereza wagonjwa 447 waliopasuliwa saratani ya mirija au kifuko cha nyongo waligawanywa mafungu mawili. Fungu moja lilipewa vidonge vya kapesitabini, jingine likaangaliwa tu. Matokeo yalitoka mwaka 2019: nusu ya waliopewa vidonge waliishi zaidi ya miezi 51, kwa wenzao ilikuwa miezi 36. Wataalamu walibishana kidogo juu ya hesabu hizo, lakini vidonge hivyo ndivyo madaktari wengi huvipendekeza leo.

Humezwa asubuhi na jioni kwa siku 14, kisha mgonjwa hupumzika siku 7. Mizunguko ni minane, yaani kama miezi sita, na damu hupimwa kabla ya kila mzunguko. Viganja na nyayo huweza kuwaka moto na kuchubuka, na hilo si dogo kwa mshika jembe. Akiharisha mfululizo, aache vidonge na awahi hospitali.

Sasa tazama ramani. Kutoka Kibondo hadi Ocean Road, Dar es Salaam, ni zaidi ya kilometa 1,000. Bugando ya Mwanza ni karibu zaidi, lakini nauli ya safari nane, pamoja na chakula na malazi, humaliza mbuzi wote zizini. Na kidonge, jamani, humezwa nyumbani! Kwa nini damu isipimwe Kibondo au Kasulu, majibu yakasomwa kwa simu kwa daktari wa saratani, naye akaamua?

Nilimweleza binamu hayo yote tukiwa tumekaa kwenye tuta. Akanyamaza, akafuta udongo mikononi, akauliza basi la Mwanza linaondoka saa ngapi.